Kukimbia Bila Vita

Jumatatu, 7 Julai 2003. Bunia.

Nimeshtuka. Infirmier Lambert, muuguzi wa kituo cha afya, amenipima tension, presha ya damu: kumi na nane! Kasema nipunguze chumvi, nitembee kila siku, nisiwaze sana. Nisiwaze! Miezi miwili ya vita tumelala chini ya hema kambini, pale uwanja wa ndege. Nyumbani tumerudi juzi tu. Darasa langu bado limejaa wakimbizi.

Kilichonikata maini ni jirani yangu Isidore. Alipimwa baada yangu. Kumi na mbili, kama kijana, naye ananizidi miaka sita. Akanishauri, mbele ya foleni nzima, nijifunze kupumua.

Nimeamua. Kutembea ni kwa wanaotaka kupona polepole. Mimi nitakimbia.

Jumanne, 8 Julai.

Asubuhi nilitoka na kaptula na mabuti ya mvua, maana viatu vingine viliporwa. Nikashuka avenue, barabara ya mtaa wetu, mbio. Upepo usoni, moyo mweupe. Nyuma nikasikia nyayo. Nikafikiri: tayari nina wafuasi! Nikaongeza kasi. Nao wakaongeza.

Kugeuka, naona magodoro juu ya vichwa. Watoto migongoni. Mzee na mbuzi wake. Avenue nzima! Nikajua vita imerudi, nikakimbia zaidi. Tulipofika kwenye geti la kambi, askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, walishika bunduki, wakauliza nani ameona nini. Vidole vyote vikanielekea.

Mzee Paluku, shefu wa avenue, alinikalisha kwake hadi saa sita. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwalimu, hapa kwetu mutu anakimbia juu ya sababu," alisema. "Weye, sababu yako iko wapi?"

Nikamweleza habari ya tension.  Kisha akaniarifu kwamba maharagwe ya watu yameungua, na jirani yetu Mama Hélène ameteguka mguu.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimewaza, ingawa nimekatazwa. Mbio hazina kosa. Kosa ni watu kutokujua. Basi nimepita nyumba kwa nyumba: mkiniona nakimbia, kaeni, ni sport, mazoezi tu. Isidore alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu Scholastique ameniomba tutembee tu pamoja hadi sokoni, kama Lambert alivyosema. Nikamweleza kwamba soko si sport.

Jumamosi, 12 Julai.

Nimekimbia. Hakuna aliyejitikisa! Kinyozi aliendelea kunyoa. Watu wetu wanafundishika.

Jumatatu, 14 Julai.



Nilikuwa mwisho wa avenue niliposikia risasi bondeni. Nikarudi mbio nikipiga kelele kwamba vita imekuja. Watu wakatabasamu. Mmoja akanishauri nitunze pumzi. Isidore alinihesabia hatua: moja, mbili, moja, mbili. Sikusimama mpaka getini kwa ONU.

Nikageuka. Hakuna mtu. Hata Scholastique.

Hapo nikakumbuka. Nilipita mbele ya mlango wangu mwenyewe. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nilimwona. Nikapita.

Nilirudi nyumbani, risasi zikilia. Nilimkuta chini ya kitanda pamoja na Mama Hélène, ambaye Isidore alikuwa amembeba mgongoni hadi kwetu. Mabati yetu yametobolewa mara mbili. Hakuna aliyekufa. Scholastique alitoka, akajipangusa unga.

"Ulinipita, bwana yangu," alisema. "Na mimi nilikupungia mukono."

 

Jumatano, 16 Julai.

Kumi na tisa! Lambert amekiangalia kipimo mara mbili. Kasema nikae nyumbani, nizungumze na mke wangu, nimwambie kilichomo moyoni. Isidore amepanda hadi kumi na sita. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Mzee Paluku naye ametoa amri: hata mtu mmoja asionekane tena akikimbia katika avenue yake.

Nilikwenda kukaa na Scholastique, nimwambie kilichomo moyoni. Nilipofungua kinywa, neno la mzee likanigonga. Mtu *mmoja*! Ndiyo shida yote. Mtu akikimbia peke yake, lazima atatisha. Nimeshapata wanaume kumi. Jumatatu, kabla jua halijatoka, tutashuka avenue kwa mstari, sare ya rangi moja, kila mtu na fimbo begani ya kunyoosha mabega, tukiimba kwa nguvu.

Kumi, tena wanaimba. Nani atashtuka?