Ukifinyika, Bado Umelegea

Jumatano, 4 Juni
Binti yangu ametoa amri: hakuna babu atakayempakia mjukuu garini mpaka nesi wa kliniki amwone akifunga kiti cha mtoto. Atakayefaulu Jumamosi ndiye wa kumtembeza Jumapili, mara ya kwanza kabisa! Mkwe mwenzangu, Kipara, kakimbilia kujiandikisha kwenye somo la nesi. Mimi? Dereva wa basi mstaafu, nifundishwe mkanda? Nilijibanza dirishani, nikasikia la kutosha: "Finya begani. Ukifinyika, bado umelegea, kaza." Alikuwa anamwambia mtoto, bila shaka. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeanza kusaidia wazazi nje ya kliniki. Bure! Mama mmoja alikuja na mwanawe, kibonge. Nikamfinya bega. Likafinyika. Nikakaza. Nikafinya tena. Bado nyama! Mtoto akapiga yowe, mlinzi akaja mbio. Mama akanifinya mkono, akauliza kama nami nimelegea. Tenda wema nenda zako.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwomba mke wangu awe mtoto wa mazoezi. Kakataa, eti mtoto mmoja ndani ya nyumba anatosha. Nimelifunga boga. Halifinyiki hata kidogo! Kesho Kipara atajua hajui.

Jumamosi, 7 Juni
Nesi alileta mwanasesere wa mpira. Nikamfinya bega, nikakaza, nikafinya. Nesi akauliza, mzee, huyo kakukosea nini? Kinachofinywa ni mkanda! Kipara akaufinya kwa vidole viwili, vikateleza. Kafaulu. Wakampigia makofi, hata mke wangu. Imeniuma sana. Kosa ni la nesi: mtu mzima anasema "umelegea" bila kutaja nani!

Jumapili, 8 Juni
Kipara kaondoka na mjukuu wangu. Lakini kumbe! Kiti cha mtoto mdogo hutazama nyuma. Mtoto hamwoni Kipara kabisa! Nikawasha gari, nikawafuata bampa kwa bampa, nikitoa ulimi na kukunja pua. Mjukuu kacheka njia nzima. Kipara anajisifu kwamba ni nyimbo zake. Masikini.

Binti ameniombea nafasi ya mwisho: kesho asubuhi nesi anifundishe, kisha niruhusiwe kumpakia. Haiwezekani. Kesho asubuhi Kipara anampeleka chanjo, na mtoto mdogo hawezi kuachwa asafiri peke yake.