Wifi Yenye Jina la Jirani

Jumatatu, 2 Juni 2025. Butembo.
Nimepata siri! Simu haijui wifi ni ya nani. Inajua jina tu. Ikiona jina inalojua, inaingia bila kuuliza. Jirani yangu Kambere, mwenye cyber ng'ambo ya barabara, ameita wifi yake "Kambere", haina mot de passe, neno la siri la kuingilia. Leo na yangu nimeiita "Kambere". Na antena yangu ndiyo ndefu, simu zitashika yangu kwanza! Keshokutwa Falonne, mwalimu wa ordinateur, yaani kompyuta, anafika toka Beni kuchagua cyber ya kufundishia batoto. Achague yangu, cyber ya Mathe. Na Mathe mwenyewe, Mungu akipenda.

Jumanne, 3 Juni.
Simu makumi mawili zimeingia kwangu! Nimecheza rumba peke yangu. Kisha nimechungulia dirishani. Batu bote bamekaa kwa Kambere, kwenye viti vyake, banakunywa chai yake, banakula mega zangu za internet. Saa sita mega zimeisha. Na Kambere anasifiwa kwamba wifi yake inakimbia. Uchungu!

Jumatano, 4 Juni.
Donc, akili mpya. Mwenye kuingia kwenye wifi yangu anasoma kwanza: "Kambere amefunga. Nendeni kwa Mathe."
Falonne amefika saa nne. Mais huku kwetu majina yanafuata nani alizaliwa wa ngapi, kila nyumba iko na Kambere wake. Kaka yake Falonne, mwenye duka kule Beni, mtaa wa Ruwenzori, naye ni Kambere. Wifi yake pia ni "Kambere", bila mot de passe. Simu ya Falonne imeingia kwangu yenyewe, mbele hata ya kunisalimia. Amesoma. Beni, kwenye banashambulia batu, duka kufungwa katikati ya juma si habari njema. Amemupigia kaka yake na machozi. Kaka amejibu hajafunga kitu, anakula. Falonne ameniangalia. Mimi nimeangalia viatu vyangu.

Ijumaa, 6 Juni.
Falonne amechagua viti vya Kambere. Nilitaka kulia. Kisha amesema: "Mathe, kesho utakuja kuonyesha batoto vile ulifanya." Mimi, mwalimu!

Jumamosi, 7 Juni.
Nimefundisha. Batoto bamepiga makofi. Kambere amenipa chai. Falonne amesema jina si kufuli: kila mutu aweke mot de passe, na isikuwe neno lenye batu banaweza kukisia. Nimeitika mara tatu.

Jumapili, 8 Juni.
Baada ya misa ya Pentekoste nimeweka mot de passe. Neno lenye liko rohoni mwangu tu: Falonne. Dakika tano, simu moja imeingia. Nimeinua macho. Ni yeye, mulangoni, simu mukononi, anacheka. Moyo wangu! Mais usalama ni usalama. Nimebadilisha palepale. Sasa ni Falonne2. Hiyo hata yeye hataijua.