Kamati Iliyozika Dipu Yangu

Patrobas Bwire,
Nyumba ya kona, karibu na bomba la maji,
Shauri Moyo, Nairobi.
Ijumaa, 31 Oktoba.

Kwa Mwenyekiti,
Bwana Zedekiah Aloo,
Chama cha Kuzikana cha Laini Yetu,
Shauri Moyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti na jirani yangu wa ukuta mmoja,

MINTARAFU: KUZIKWA KWA CHAKULA CHANGU BILA IDHINI YA MWENYEWE

Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa leo asubuhi ulipita mlangoni kwangu ukiangalia viatu vyako. Mimi sina kinyongo. Mtu aliyekaa Doha miezi minane, akala sahani moja na Wafilipino na Wanepali, hawezi kubeba kinyongo cha laini moja ya nyumba za kanjo, hizi za baraza la jiji. Naandika kwa sababu jambo hili likiachiwa midomo litaharibika, na pia kwa sababu Triza ametoka tangu asubuhi na sinia lake na mimi sijui mikono yangu niiweke wapi.

Kwanza nieleze, maana jana hamkunipa nafasi. Triza unamjua, mtoto wa marehemu dada yangu, yule anayeuza sambusa kwenye mageti ya Industrial Area vibarua wakitoka kazini. Kuna mama mmoja wa ofisi huko, anaitwa Jacklyne, alionja sambusa zake akamwambia hivi: Ijumaa tuna pati ya Halloween, tuletee dipu ya kutisha, na watu wakiipenda pati zote za mwisho wa mwaka utatupikia wewe. Mwenyekiti, maana yake ni kwamba Triza angeacha kukimbizana na askari wa kanjo akiwa na kapu la sambusa moto. Hilo ndilo jambo lenyewe katika barua hii. Mengine yote ni maelezo.

Halloween ni sikukuu ya wazungu ambapo watu wazima wenye kazi zao huvaa kama mizuka ili waogopane kwa furaha. Dipu nayo ni mchuzi mzito wa watu wasiotaka kukaa chini: unasimama, unachovya, unatafuna, unaendelea na maneno yako. Nimeziona Doha kwa macho haya. Najua wapo wanaosema kwamba Doha nilikuwa naosha sufuria tu. Ni kweli nilikuwa naosha sufuria. Lakini hakuna anayeijua dipu kuliko mtu anayeikwangua.

Basi nikamwambia Triza asihangaike, mjomba yupo, na jana mchana nikatengeneza kaburi. Njahi, yale maharage meusi, nilizichemsha zikaiva, nikaziponda na kitunguu saumu na limau zikawa udongo mweusi, ule wa Budalangi maji yakishapungua. Avokado za Gikomba nikazivuruga na maziwa lala na dhania zikawa nyasi. Chapati nikazikata mifupa nikazikausha kwa jiko hadi zikalia zikivunjwa. Msalaba, biskuti mbili. Halafu katikati nikachimba shimo kwa mwiko, pembe sawasawa, udongo nikaurundika kando jinsi inavyotakiwa. Humo ndani ungesimama mzuka wa muhogo mweupe. Muhogo nao haukuwepo. Nikaenda kibandani kuununua, sinia nikaliacha mezani karibu na dirisha. Kama kuna kosa nililofanya ni hilo, na kwa haki kosa hilo ni la muhogo.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba Mama Beldina, mweka hazina wetu, aliingia kuomba chumvi, akaona shimo, akapiga nduru laini nzima ikatoka. Sikatai kwamba kwetu magharibi kaburi likichimbwa halilali wazi, lazima litiwe kitu, la sivyo litaita mwenyewe. Mimi ni Msamia wa Funyula, hayo sihitaji kufundishwa. Lakini kaburi linaloenea ndani ya sinia, Mwenyekiti, litamwita nani? Panya? Niliporudi na muhogo wangu nilimkuta amelifunika kwa leso yake, amekaa kando, mikono mapajani. Akaniuliza polepole, "Bwire, huyu mdogo ni wa nani?" Nikacheka. Nikajikuta nacheka peke yangu.

2. Kwamba kamati ilifika upesi mno. Choo chetu kilipoziba tuliwangoja hadi mvua ikakizibua yenyewe. Jana nilikuwa sijaosha muhogo na mlikuwa tayari mlangoni, mmevaa makoti.

3. Kwamba mlikaa kwenye viti vyangu mkajadili kitakachozikwa bila kuniuliza mimi mfiwa. Wewe mwenyewe ulishikilia yago, lile tunda refu linalozikwa kwenu mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane. Katibu Wakoli akasema kwa Wabukusu ni shina la mgomba na mjadala umefungwa. Mkaufungua tena. Mkabishana hadi chai yangu ikaisha, na majani ya chai pia. Yago haipatikani Shauri Moyo, mgomba haupatikani, ndipo Wakoli akaagiza ndizi mbivu moja kutoka kibandani, akatoa hoja kwamba ndizi ni mtoto wa mgomba na mtoto aweza kumwakilisha mzazi kikaoni. Mkapiga kura. Mimi nilinyoosha mkono kupinga nikahesabiwa na wanaounga mkono. Nilipopendekeza muhogo, ambao tayari nilikuwa nao, uliniambia mbele ya watu, na nakunukuu, "Bwire, muhogo hauna ukoo." Mwenyekiti, nimetukanwa katika nchi mbili, lakini neno hilo nililala nalo.

4. Kwamba ndizi ilimenywa kwanza, kwa vile Katibu alisema marehemu haendi na koti. Kisha kila mjumbe akatupia udongo kwa mkono wake, na mikono mingine pale nayajua matembezi yake. Yupo mjumbe niliyemwona akilamba vidole kabla ya Amina, halafu akatupia udongo mara ya pili, akalamba tena. Jina lake nalihifadhi, ila yeye ndiye huandika kumbukumbu za mikutano yetu.

5. Kwamba nililia. Hili nalilalamikia kwa uzito wake. Mlipoanza kuimba nilikuwa nimejipanga kununa, na nilikuwa nanuna vizuri. Ndipo Mama Beldina akaliita jina la Ayuma. Sote pale tunajua Ayuma ni yule mtoto wake aliyezikwa nyumbani kabla basi la mama yake halijafika, kwa hivyo udongo hakuwahi kumtupia. Jana alimtupia. Alichukua njahi zangu kidogo sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu, akaziweka pembeni kabisa mwa shimo akazishindilia kwa kidole. Mimi nimekaa Doha, nimeona mengi, nami nililia mbele ya kamati, na machozi yakaingia kwenye chakula ambacho chumvi yake nilikuwa nimeshaipima. Nani atamweleza Triza kuhusu chumvi hiyo?

6. Kwamba baada ya kuzika mlisawazisha. Shimo langu la pembe nne likawa tuta. Msalaba mkauhamisha upande wa kichwa, eti niliuweka miguuni. Mkachomeka ua la karatasi. Hakuna mzuka, hakuna shimo, hakuna kutisha kokote. Dipu ile sasa inatuliza. Inamfanya mtu atake kuvua kofia na kwenda nyumbani kupatana na ndugu zake. Ni nani anayeenda pati ya Halloween kutulizwa?

7. Kwamba ulitangaza nimesimamishwa chamani kwa kuchimba kaburi bila msiba, hadi nilete kuku mweupe wa kutakasa nyumba, na kwamba nikifa kabla ya kuku nijipeleke Funyula mwenyewe. Nakubali kusimamishwa, lakini muda wote huo nilikuwa nimekaa, na hakuna aliyeniambia nisimame.

8. Na hili ndilo kubwa. Triza alirudi kutoka kuuza akakuta tuta. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejua pa kujificha. Aliuliza tu, "Mjomba, na nitaenda na nini?" Njahi zilikuwa zimekwisha, avokado zimekwisha, na sokoni watu wameshafunga. Leo asubuhi amelifunika sinia kwa karatasi ya nailoni akaenda nalo jinsi lilivyo, na ndizi yenu ndani.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, tuongee kama watu waliosoma, ingawa mimi niliacha kidato cha pili kwa hiari ya karo. Ama jana palikuwa na kifo au hapakuwa. Kama hapakuwa, kamati ilivamia jikoni kwa mtu na kumzikia chakula, na nadai mwende wote mbele ya Mama Jacklyne, na makoti yenu, mkamwambie kwamba Triza hana hatia. Lakini kama kifo kilikuwepo, na nyinyi ndio mlioomba na kuimba na kufunika, basi mimi ni mfiwa halali na nataka haki zangu zote. Nataka hema la chama mbele ya mlango wangu, na viti vile vya plastiki visivyovunjika. Nataka wanachama waje kukaa nami kwa zamu na wasiongee siasa. Nataka Mama Beldina apike. Nataka wasifu wa marehemu usomwe nawe mwenyewe, tangu alipokuwa kwenye mkungu hadi alipotutoka. Nimeulizia kibandani nikaambiwa ndizi ile ilitoka Kisii, kwa hiyo chama kikodi basi, jamaa zake wapelekewe habari kwa heshima, na wakitaka kujua alikufaje ni Wakoli atakayejibu kwa maana ndiye aliyemmenya. Na kuanzia leo yeyote katika laini yetu anayekula ndizi aje kwanza kwa kamati ajieleze. Mlianza nyinyi. Mimi nafuata tu njia mliyoichimba.

Nikimaliza, nisalimie mama watoto, nisalimie wajumbe wote kila mmoja kwa cheo chake, na Katibu Wakoli umsalimie kwa mbali. Mama Beldina mpelekee hii chumvi niliyoifunga kwenye karatasi, kwani jana aliondoka bila kuichukua. Natumaini barua hii itakukuta mzima na itakuacha na mawazo.

Ni mimi mwanachama wako ninayengoja kuku na haki,

Patrobas Bwire.

Tanbihi: Mwenyekiti, usiisome hiyo ya juu. Au isome kama salamu ndefu. Ningeiandika upya lakini karatasi ni ya Triza na amerudi sasa hivi.

Anasema meza ya pati ilijaa vitisho: vidole vyenye kucha, macho yanayoelea kwenye juisi, ubongo wa tambi. Watu walipiga picha na wakabaki na njaa. Vibarua wa ghala walikuwa wamealikwa pia, wamejipanga ukutani, hakuna aliyegusa kitu. Ndipo msimamizi wao, mzee mmoja anaitwa Willis, akasogea kwenye sinia letu akamuuliza Triza kaburi lile lina nani. Na Triza hajui kudanganya, hilo hakulitoa kwangu. Akamwambia ni ndizi, imezikwa jana na kamati, imeombewa na kuimbiwa. Yule mzee akavua kofia. Akauliza kama iliimbiwa hadi mwisho. Triza akasema hadi mwisho. Akachukua mfupa wa chapati akachovya pembeni, kwa adabu, akatafuna, akaita wenzake kwa Kijaluo, na ukuta mzima ukahamia mezani. Mabosi walipoona hivyo wakaja mbio. Walipoifikia ndizi walipiga makofi. Mama Jacklyne anadhani ilikuwa ubunifu wetu tangu mwanzo na sisi hatujamsumbua.

Wanataka makaburi manne ya pati ya Krismasi. Triza aliwaambia Krismasi ni kuzaliwa, wakasema hawajali, mradi yawe yameshughulikiwa vilevile. Kwa hiyo naomba kamati nzima ije, wewe, Wakoli na vidole vyake, na Mama Beldina hasa, aje atushindilie zile pembe na kutuimbia apendavyo, na wa kumwimbia ni yeyote amtakaye. Chai ipo. Njooni na makoti.

Triza amejaribu kuzika ndizi moja mwenyewe sasa hivi, kwa njahi za jirani zilizokwisha kuiva. Amefuata kila kitu, hadi ua. Kaburi hilo tumelionja sote wawili. Limekuwa chakula tu.