Hatua Tano Mbele ya Nguruwe

Jumatatu, 5 Mei

Mwantum kaondoka asubuhi kwenda Mbeya. Nusrat wetu anajifungua wiki hii. Mjukuu wa kwanza! Mke wangu kabeba khanga sita, chupa ya asali na sufuria, kana kwamba Mbeya hakuna sufuria. Mimi kaniachia kazi moja. Moja tu. Nizungushie miiba shamba lake la viazi kule Kawetele, maana nguruwe pori ameanza kushuka kutoka msituni. Viazi hivyo ni vya arobaini ya mtoto. Kavipanda kwa mikono yake na hataki mgeni ale hata kimoja cha sokoni. Kasema, Baba Nusrat, miiba tu, usibuni kitu. Nikaitikia. Kaniangalia, akarudia: usibuni kitu.

Imeniuma. Miaka ishirini na sita ya ndoa! Kweli kware walikufa wote. Kweli nyuki walihamia ndani ya cherehani. Lakini mtu hakui?

Mchana nimefunga duka, nimekwenda kuitazama miiba. Inachoma.

(Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mwantum halifungui hili, anasema linamtia huzuni.)

Jumanne, 6 Mei

Nimetoka swala ya alfajiri moja kwa moja hadi shambani. Ukungu, baridi, umande hadi magotini. Na yeye huyo! Nguruwe mwekundu, uso mweupe kama kapakwa unga, yuko tuta la mwisho anafukua kiazi cha mjukuu wangu. Nikapiga kelele. Hakukimbia. Kanigeukia, kanitazama uso kwa uso, huku anatafuna. Dharau ya wazi kabisa.

Lukasi, jirani yetu wa shamba, alikuwa upande wa pili wa mfereji. Yeye kazungusha miiba na kutundika makopo, kwake haingii hata panya. Kanisalimia kwa adabu zake zote za Kinyakyusa, ugonile, ugonile, halafu akauliza miiba yangu iko wapi. Nikamwambia iko njiani. Akasema ndaga, asante ya kwao. Sijapenda alivyosema ndaga.

Jioni dukani nimeshika simu. Nimeona video. Mzungu mwenye ndevu, huko Amerika, kasimama na upinde mbele ya kulungu mkubwa kama ng'ombe. Karibu kabisa! Wanatazamana. Mzungu akaachia mshale, ukaingia kifuani, chini ya koo. Kulungu chini. Nimeitazama mara kumi na moja. Nguruwe wangu naye anapenda kutazama mtu usoni. Mungu hafanyi mambo bila sababu.

Jumatano, 7 Mei

Nimemfuata Mzee Meshaki. Ujanani alikuwa mwindaji, sasa anaimba besi kwenye kwaya. Kaniazima upinde wake na mishale mitatu, mimi nimpunguzie koti la kwaya mikono. Haki bin haki.

Lakini maneno! Kasema mnyama hapigwi kwa mbele. Mbele kuna mfupa, kuna fuvu, na mahali laini ni padogo kama kisosi cha chai. Ukikosa unamjeruhi, akateseka msituni siku tatu, au anakuja juu yako, maana ndiko anakotazama. Subiri akupe ubavu, kasema, nyuma ya bega. Asipokupa ubavu, nenda nyumbani ukanywe chai.

Nimemjibu kwa heshima. Mzee wangu, nimeshona miaka thelathini. Shati lina mlango mbele. Ubavuni kuna mshono, na mshono ndio mahali pagumu kuliko pote. Mzee Meshaki akaihesabu mishale yake upya, mmoja mmoja. Nadhani nilimgusa.

Kuna bwana wa wanyamapori alipita kijijini mwezi jana. Alisema nguruwe wafukuzwe kwa makopo na moshi wa pilipili, na anayetaka kuua aende kwanza ofisini aombe kibali. Nitaomba. Nikishampata, ili fomu niijaze vizuri.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi nyuma ya nyumba. Nimejaza gunia majani ya mgomba, nikachora kisosi kwa chaki ya kushonea, pale penye kifungo cha juu. Nimepima kwa futi hatua tano. Mshale wa kwanza, choo. Wa pili, choo. Wa tatu umepiga gunia! Chini kidogo, kwenye mfuko wa suruali, tuseme. Lakini gunia.

Mwalimu Lightness, mpangaji wetu kutoka Moshi, alikuwa anaanua nguo. Kanishauri kuanzia sasa nitoe taarifa mtu akiwa chooni. Nikamwonyesha video anitafsirie Kiingereza, nijifunze zaidi. Kasikiliza hadi mwisho. Kasema yule mzungu anaonya: wengi wasijaribu kabisa kupiga hivi, ni kwa mafundi waliozoea, na hata wao huacha mara nyingi kuliko wanavyopiga. Nikamuuliza kasema wengi au wote? Kasema wengi. Basi! Mimi si wengi. Na fundi ni fundi.

Kuna shida moja tu. Nguruwe akianguka, nani atamgusa? Mimi hapana, ni haramu. Nimelazimika kumwambia Lukasi. Jumatatu alfajiri, nikamwambia, wewe uje umbebe, paja moja ni lako, ila usimwambie mtu. Akaapa. Macho yalimng'aa. Sijawahi kumwona Lukasi ananiangalia vile.

Nilipokuwa njiani nikamwahidi Mzee Meshaki maini, kwa kuwa upinde ni wake. Na fundi baiskeli paja la pili, maana alinisalimia vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Mvulana! Kilo tatu na nusu! Mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillah. Nimelia juu ya suruali ya mteja. Mwantum alikuwa anacheka na kulia kwenye simu, sijamsikia hivyo tangu Nusrat mwenyewe azaliwe. Halafu akauliza: na miiba? Nikasema inaendelea. Akasema, Mungu akubariki mume wangu.

Sijasikia raha jioni nzima. Nimesema uongo siku ya furaha. Lakini atakapokuta nguruwe hayupo kabisa, duniani hayupo, miiba ya nini?

Nimeshona vazi la kujifichia. Kulikuwa na pazia la kijani lenye majani makubwa, la Tulia, mke wa Lukasi, aliliacha nilipinde. Nitalirudisha Jumanne, hatajua.

Jumapili, 11 Mei

Watu wa Kawetele wametoka kanisani wananisalimia kwa mikono miwili. Mama mmoja nisiyemjua kaniuliza kama ana mafuta. Nikamuuliza nani. Kacheka, kasema wewe Mzee Zuber bwana, na akaniombea baraka. Watu wema sana hawa.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika nimelala kifudifudi.

Nimeswali, nimevaa pazia, nimefika kabla hakujapambazuka vizuri. Nimemwaga parachichi zilizoiva hatua tano mbele yangu, ili akiinama kula uso uwe kwangu. Nimejilaza kati ya matuta. Ukungu, huoni mkono wako. Nikasikia kikohozi. Nikajiambia nguruwe ana mafua. Kikohozi kingine, cha besi. Ukungu ukapanda kidogo, nikaona.

Watu! Thelathini, hawapungui! Wamejipanga kwenye mpaka na mabeseni, visu, majani ya mgomba ya kufungia nyama. Lukasi alimwambia Tulia tu. Tulia aliiambia kwaya tu. Nikawapungia mkono waondoke. Wakanipungia nao, kwa furaha.

Na nguruwe akaja. Wallahi alikuja, pamoja na watu wote wale, maana parachichi ni parachichi. Hatua tano. Akainua uso. Nikainuka taratibu, nikavuta upinde. Moyo unapiga kama cherehani ya umeme. Nikakiona kifungo cha juu! Kabisa nilikiona! Na hapo hapo Tulia akapiga yowe: pazia langu!

Mshale ulipita juu ya mgongo wa nguruwe, ukaenda kutoboa beseni la Lukasi. Kwaa! Nguruwe akashtuka akakimbia mbele. Ndiyo, mbele, kwangu, si ndiko alikokuwa anatazama? Hilo Mzee Meshaki hakuniambia. Au aliniambia. Akanipitia katikati ya miguu, na kwa hatua tatu hivi mimi nilikuwa juu yake, nimegeukia mkia, pazia linapepea. Halafu nikawa mferejini.

Lakini hilo si lolote. Watu thelathini waliona nyama inaondoka! Wakaingia shambani, mabuti, mabeseni, kelele, kuleee, hukuuu, nguruwe anazunguka na wao wanazunguka, mara nne nzima juu ya viazi vya Mwantum. Mwisho akaruka mfereji, akarudi msituni. Hana hata mkwaruzo. Na nina hakika aligeuka akanitazama.

Shamba limekuwa kama uwanja wa mnada jioni. Viazi vidogo vimelala juu ya matope, vyeupe. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeniangalia. Nimekaa pale nikalia, na sikulia kwa ajili ya kiuno.

Nimeoga mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa aliyegusa nguruwe. Udongo nilikuwa nao tayari.

Jumanne, 13 Mei

Mwantum kapiga simu. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha: mvua ya mawe, mafuriko, wezi. Nikafungua mdomo yakatoka yote kama yalivyokuwa. Nguruwe, upinde, kwaya, pazia, kila kitu. Nikajua leo ndiyo leo.

Akauliza: umeumia?

Hakuuliza viazi. Aliuliza kama nimeumia. Nikasema kiuno. Akasema nijikande kwa maji ya moto na chumvi, na kwamba Jumamosi wanakuja, yeye na Nusrat na mtoto, kumaliza arobaini nyumbani. Akakata. Nimekaa na simu mkononi kama mjinga. Sistahili huyu mwanamke.

Mchana nimejikokota hadi shambani na jembe. Nikakuta watu. Wale wale! Besi wote na sauti ya pili, wamepinda migongo wanainua matuta, wanafukia viazi vilivyofukuliwa, vilivyokatika wanavitia kwenye mabeseni wavipeleke kwangu. Tulia alikuwa anaongoza, hajanisamehe pazia, lakini anaongoza. Mzee Meshaki akasema, nyama hatukula, basi aibu tusiile. Kasema theluthi mbili ya viazi vitapona, vilikuwa vimeshakomaa chini, na kiazi hakifi kwa kukanyagwa majani.

Na miiba? Imezunguka shamba lote, imefungwa vizuri, na makopo juu. Nimemuuliza Lukasi kaitoa wapi kwa siku moja. Kasema hilo lisinisumbue. Nilitaka kumshukuru kwa lugha yake. Nikasema ndaga fijo. Akacheka nilivyotamka.

Jumamosi, 17 Mei

Wamefika! Mtoto ananuka maziwa. Nimembeba, hakulia.

Mwantum kaenda shambani kabla hata ya kunywa chai. Kazunguka uzio wote, kajaribu miiba kwa kidole. Kasema ni kazi nzuri, nani kaifanya? Hata hakungoja jibu. Kasema viazi vitatosha, tutaongeza ndizi. Kisha kamtazama mtoto mikononi mwangu, kasema masikio ni yako, Baba Nusrat, tuombe Mungu mikono isiwe yako. Nusrat kacheka hadi kashika tumbo.

Upinde Mwantum kautundika uani. Anaanikia nepi. Nimemwahidi mbele ya mjukuu: sibuni kitu tena. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nalia.

Jumatatu, 19 Mei

Habari mbaya. Nguruwe kaingia kwa Lukasi! Matuta sita kwa asubuhi moja. Ndipo nikaenda kuangalia, kumbe shamba lake halina mwiba hata mmoja. Ule uzio wetu ni wake! Aling'oa wote akaja kuufunga kwetu, makopo na kamba, na hakusema neno. Lukasi yule niliyemwonea kijicho kwa ajili ya miiba yake. Nimesimama mferejini. Mtu wa namna hiyo unamlipa nini?

Mwantum kasema tumrudishie nusu ya miiba, na nusu nyingine mimi nikakate msituni leo hii hii. Ni wazo, silikatai. Lakini miiba ni kwa ajili ya nguruwe ambaye yupo.

Nimefikiri kwa utulivu, bila papara. Kosa halikuwa kupiga kwa mbele. Kosa lilikuwa hatua tano. Kwa hatua tatu, mkono wa fundi haukosi, na hata Tulia akipiga yowe hautapata nafasi ya kutetemeka. Pazia lake lina pande mbili, na ule wa pili bado uko dukani. Nepi zimekauka. Safari hii hapatakuwa na umati, nimejifunza. Sikumwambia Lukasi, maana ni zawadi yake. Sikumwambia mtu yeyote.

Mzee Meshaki peke yake, kwa sababu ya mishale. Maini ni yake. Kaapa.