Uwanja Ulio Nyuma ya Matete

(Maneno ya Akida Lameck siku ya kufungua uwanja wa mpira wa shule za Lupando na Nsesi, mwendo mfupi kutoka Kyela, mwaka 1913, enzi za Wajerumani, au Wadachi. Mkutano ulifanyika mbele ya nyumba yake.)

Mtukufu Bwana Mkubwa wa Bomani, mwakilishi wa Serikali Tukufu ya Kidachi katika nchi yote kuanzia mto Songwe hadi pale macho yanapochoka, mwenye miwani ya dhahabu na nyumbu anayesikia Kidachi, mheshimiwa karani wa Bwana Mkubwa, mheshimiwa anayemshikia karani mwavuli, mheshimiwa Malafyale, chifu wetu, ambaye naona amekwisha kusinzia, nami napokea usingizi huo kama heshima, waheshimiwa walimu wa misheni, wazee wa kanisa wa Lupando, na wazee wa kanisa wa Nsesi ambao nimewaomba wakae upande ule mwingine kabisa, wanafunzi wa darasa la juu wa shule zote mbili, hata ninyi wenye ndevu na wake, akina mama, na mimi mwenyewe, Akida Lameck, mwenye plani, mpatanishi, mjenzi wa uwanja, ninawasalimu nyote kwa salamu ya kwetu: Mugonile! (Kicheko. Sauti: "Akida, hiyo ni ya asubuhi! Jua limeshapita utosi!")

Najua ni ya asubuhi. Hotuba hii niliianza asubuhi, nikiwa chumbani, na salamu ilikuwemo. Tuendelee kwa ordinung, kwa utaratibu.

Ndugu zangu, sitakuwa na maneno mengi. (Miguno.) Bwana Mkubwa amenieleza leo, kwa upole ule ule anaowaelezea wachimba barabara, kwamba nikimaliza tu kusema atainuka kwenda kuuona uwanja kwa macho yake, na kwamba asipouona ataivua kofia hii nyekundu ya uakida kichwani mwangu na kunipeleka nikabebe mawe ya barabara ya Tukuyu. Yavol, ndiyo, Bwana Mkubwa! Kwa hiyo ninyi nyote mnaona jinsi ilivyo muhimu kwamba nieleze kila jambo kikamilifu, kwa protokoli, bila kuruka hata kidogo, hata kama jua litatuzamia hapa hapa na Bwana Mkubwa akalazimika kurudi bomani bila kutembea huku na huku gizani, jambo ambalo si zuri kwa afya yake. (Bwana Mkubwa anatoa saa mfukoni.)

Nianze na historia. Mpira wa ngozi uliletwa hapa na vijana waliorudi kutoka ng'ambo ya Songwe, kwenye shule za Waingereza, mwaka ule boma lilipohama ziwani kwenda mlimani. Lupando, ambao ni wakulima wa mpunga na ndizi, wakafanya timu, Nsesi, ambao ni wavuvi na wafinyanzi, wakafanya timu, wakakutana malishoni. Ikawa katika mechi ile ya kwanza mchezaji wa Lupando akapiga mpira, mpira ukaenda zake nje, ukamkuta ng'ombe wa Lupando anatafuna majani, ukamgonga ubavuni, ukageuka, ukaingia langoni kwa Nsesi. Lupando wakasema ni bao, kwa sababu ng'ombe ni wa Lupando, na kwetu ng'ombe ni mtu wa nyumbani. Nsesi wakasema si bao, kwa sababu ng'ombe hakuandikishwa shule. Lupando wakajibu kwamba hata mlinda mlango wao hakuandikishwa. (Lupando wanashangilia: "Bao!" Nsesi: "Si bao!" Lupando: "Bao!" Mwalimu mmoja anapiga kengele.)

Mnaona! Tangu siku hiyo kila mwaka baada ya mavuno mechi huanza na maneno juu ya ng'ombe na huishia na maneno juu ya ng'ombe, na mwamuzi hajawahi kupuliza kipenga cha mwisho kwa sababu wakati huo huwa yuko juu ya mti. Takwimu za ofisi yangu, ambazo nimezifanya mimi mwenyewe nikiwa nimeketi, zinaonyesha kwamba katika kila vijana mia wa Nsesi, tisini hawataki kuoa Lupando, na katika kila vijana mia wa Lupando, mia na kumi hawali samaki wa Nsesi, isipokuwa wakikaangwa. Hali hiyo, kiserikali, haikubaliki.

Ndipo mimi Lameck nikaunda Kamisheni ya Uwanja. Mwenyekiti wa kamisheni nilikuwa mimi, katibu nilikuwa mimi, na kwa ajili ya kontroli nikamteua mjumbe wa kunipinga, naye akawa shemeji yangu, ambaye hakupinga. Kamisheni ikakaa, ikala, ikatoa plani: kwamba ugomvi wote unatokana na malisho, maana malishoni kuna ng'ombe, na dawa yake ni uwanja rasmi wenye uzio, usioingia ng'ombe, uliopo katikati ya Lupando na Nsesi, wenye nyasi laini kama kichwa cha mtoto, milango ya mbao za mninga, na kibanda cha wageni ambamo Bwana Mkubwa atakunywa chai akiwatazama Aliko, nahodha wa Lupando, na Mika, nahodha wa Nsesi, wakipeana mikono. (Aliko na Mika, wamesimama na mpira katikati yao, wanatazama pembeni.)

Na uwanja huo, ndugu zangu, uko pale! Nyuma ya matete yale! Tazameni kule, kule bondeni. Msitazame huku nyumbani kwangu, huku hakuna cha kutazama. (Sauti ya mzee Ambilikile: "Akida, nyuma ya matete yale ni shamba langu la mpunga! Na nyuma ya shamba ni dimbwi!")

Mzee Ambilikile, ndaga. Nakushukuru kwa mchango wako, umenisaidia kufika mahali ambapo nilitaka kufika. Mpunga huo ni nyasi za uwanja katika hatua ya kwanza. Na hilo unaloliita dimbwi, kitaalamu ni mfumo wa kunyweshea. ("Kuna kiboko ndani!") Ndiyo, kiboko yumo, na mimi nashangaa mtu mzima kulalamika, maana nyasi za uwanja lazima zikatwe, na Serikali imemleta mnyama anayezikata usiku na mchana bila kudai posho. (Kicheko kirefu. Hata Malafyale anaamka, anauliza kuna nini, anaambiwa, analala tena.)

Mtauliza, je, vijana wa shule zote mbili waliotumwa kwa jembe na mtalimbo msimu mzima kusawazisha ardhi walisawazisha wapi? Swali zuri. Kazi ya kusawazisha inahitaji mafunzo, na kwa kuwa sikutaka wajifunzie kwenye uwanja wenyewe wakauharibu, niliwaambia wajifunzie kwanza kwenye ua wangu. Walijifunza vizuri sana. Ua wangu leo ukiweka yai halibingiriki. Lakini nimesema msitazame huku.

(Bwana Mkubwa anasimama, anavaa kofia yake.)

Bwana Mkubwa, tafadhali, keti kidogo tu! Bado shukrani. Hotuba bila shukrani protokoli hairuhusu, na shukrani zangu ni ndefu na za kugusa moyo. (Bwana Mkubwa anaketi ukingoni mwa kiti.)

Asante. Basi, uwanja haujengwi kwa maneno, unajengwa kwa watu. Nawashukuru kwa namna ya pekee akina mama. Kila mtu wa ziwa hili anajua desturi yetu: chungu cha Nsesi hakiuzwi kwa hela, bei yake ni ujazo wake. Mama wa Nsesi hukiweka chini, mama wa Lupando hukijaza mpunga, mpunga ukaenda ziwani na chungu kikabaki Lupando, na hakuna aliyewahi kugombana juu ya jambo hilo, hata mwaka wa ng'ombe. Kwa hiyo namshukuru Mama Damari, mfinyanzi mkuu wa Nsesi, na wenzake, walionikabidhi vyungu vyao vikubwa kabisa nivipeleke Lupando vikajazwe, ili sehemu ya mpunga iwalishe vijana wa kazi. Na namshukuru Mama Naomi wa Lupando na wenzake, ambao nao, kwa moyo ule ule, walinikabidhi mpunga wao mzuri nikajazie vyungu vile. Makofi kwa akina mama! (Hakuna makofi.)

Makofi, jamani. (Mama Damari anasimama polepole, anafunga kanga kiunoni: "Akida. Mimi uliniambia Lupando wamekataa kuvijaza vyungu vyetu, wamesema udongo wetu unanuka samaki. Nimelia juu ya neno hilo." Mama Naomi anasimama upande wa pili: "Nani aliyesema hivyo? Sisi ulituambia mpunga wetu umeliwa Nsesi, na vyungu wamevivunja makusudi! Mimi tangu siku hiyo sijamsalimia dada Damari hata kanisani!")

Akina mama, hayo ni mambo ya utawala, yana undani wake. ("Viko wapi?") Viko katika hali nzuri. ("Viko wapi, Lameck?") Vimehifadhiwa mahali pakavu, chini ya paa, kwa usalama wa umma, na mimi nikilala karibu navyo ili wasije wezi.

(Kelele. Mama Damari anavuka kwenda upande wa Lupando, anaketi kwenye mkeka wa Mama Naomi. Wazee wa kanisa wanafuata. Kisha wote, Lupando na Nsesi, wanazomea kwa pamoja.)

Ndugu zangu! Ndugu zangu, hebu sikilizeni mnavyozomea! Mnazomea kwa sauti moja! Ni nani mwaka jana aliyewahi kusikia Lupando na Nsesi wakizomea kitu kimoja? Bwana Mkubwa, naomba karani aandike: mradi umefanikiwa, umoja umepatikana, na umepatikana kabla hata uwanja haujaonekana, jambo ambalo halijawahi kutokea katika wilaya nyingine yoyote, hata Wadachi wenyewe kwao sidhani kama... (Bwana Mkubwa, kwa Kiswahili: "Akida. Uwanja. Sasa." Anaanza kutembea kuelekea kwenye matete.)

Yavol! Lakini, Bwana Mkubwa, pitia kushoto! Kushoto! Hapo ni hatua ya kwanza ya nyasi, inateleza kidogo. Hapo ni mfumo wa kunyweshea. (Sauti ya kitu kizito kuanguka majini. Maneno ya Kidachi.) Asiogope mtu, Bwana Mkubwa anakagua kina. Kiboko asiguswe, ni mali ya Serikali! Aliko! Mika! Mtoeni! Vizuri, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule, vuteni pamoja. Mnaona? Wanavuta pamoja! Karani, andika na hilo.

(Bwana Mkubwa anatolewa, tope hadi kifuani, miwani haionekani. Mama Damari anasema kitu sikioni mwa Mama Naomi. Wanawake wote wanainuka na kuingia uani kwa Akida. Vijana wanawafuata na mpira.)

Jamani, huko mnakwenda wapi? Mkutano haujafungwa! Nimesema huku hakuna cha kutazama! Mama Naomi, hicho ni chumba cha kulala. Taratibu na hivyo vyungu, vimejaa! Mnaviweka wapi? Viwili huku na viwili kule? Hiyo si milango ya uwanja, hicho ni chakula changu, nataka kusema, ni akiba ya umma! (Kipenga. Shangwe. Mechi inaanza uani kwa Akida, juu ya ardhi iliyosawazishwa na wachezaji wenyewe.)

Basi, kwa kuwa naona mmeshaanza, nifunge mkutano kama inavyotakiwa. Umoja udumu! ("Udumu!") Mpira udumu! ("Udumu!") Akida Lameck adumu! (Mpira unasikika ukipigwa.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru Lupando na Nsesi kwa kuungoja kwa uvumilivu uwanja ambao, nikisema ukweli wangu wote, ulikuwa mzuri sana nilipokuwa nikiufikiria, na ambao hata mimi siku zote nilitamani niende siku moja nikauone. Namshukuru Mama Damari, ambaye nasikia atachukua mpunga wote baada ya mechi, na Mama Naomi, atakayechukua vyungu, kama desturi inavyotaka. Nashukuru ua wangu. Nimeumia, siwezi kuficha, maana ua huo nilikuwa nimeanza kuupenda.

Na ninawaomba kitu kimoja tu. Yule ng'ombe aliyesimama karibu na lango la kule ni wangu. Mpira ukimgonga ukaingia, naomba lihesabiwe. (Lupando: "Bao!" Nsesi, wakicheka: "Haya, bao!")

Bwana Mkubwa, naam? Kofia? Sasa hivi? Yavol. Hii hapa. Lakini, Bwana Mkubwa, kama huna mahali pa kuitundika, mimi ningeweza kuendelea kukushikia... La? Basi. Sawa. (Bwana Mkubwa, akichuruzika maji, anavuka uani katikati ya mechi, anaitundika kofia nyekundu kwenye pembe ya ng'ombe, anapanda nyumbu wake na kuondoka.)

Waheshimiwa, ndaga fijo, asanteni sana. Mimi naanza safari ya kwenda barabara ya Tukuyu mapema, kabla ya jua kuzama, gizani si vizuri kwa afya. Sasa kwa heshima kubwa namkaribisha Akida mpya aseme machache. (Ng'ombe analia. Makofi mengi, kutoka pande zote mbili.)