Foleni ya Maji kwa Skrini Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku kubwa! Nimebadilishana na jamaa mmoja wa Njiru. Yeye kachukua pipa letu la maji, mimi nimechukua kompyuta yenye skrini mbili. Inafunguka kama Biblia, haina kibodi, na pande zote mbili unagusa tu kwa kidole. Kavinya, mke wangu, ameuliza tutaweka maji wapi. Mama yake anakuja Jumapili, mara ya kwanza tangu tuoane, na yeye anawaza pipa! Nimemweleza kwamba mtu mwenye skrini mbili haweki maji, anayatawala. Amesonga ugali kwa nguvu kuliko kawaida.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka orofa saba kumwona Ndindi, msimamizi wa ploti, jengo hili tunalopanga. Hapa Kware maji yetu huja Jumamosi asubuhi, saa moja hivi, kisha bomba linakauka. Tangu Ijumaa mitungi hupanga foleni kwa niaba ya wenyewe, na Khavere wa orofa ya chini huiandika nambari kwa chaki. Miaka sita, chaki! Na mwandishi wa foleni huchota wa kwanza. Kazi hiyo naitaka. Nikiipata, mama mkwe atakuta maji hadi mlangoni.

Nimemwonyesha Ndindi kompyuta. Skrini moja inanitazama mimi, ya pili inawatazama wananchi. Kila mtungi ni duara lenye jina, ukilivuta, linasogea. Ameguna. Amesema nijaribu Jumamosi hii moja tu, na nikivuruga nisimtaje. Khavere hakubishana. Ameuliza tu kama hicho kitu kinaogopa maji. Wivu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuandikisha majina, ila kuna kasoro ndogo. Nikiifunga, skrini zinagusana, na kila moja inadhani mwenzake ni kidole. Usiku mmoja tu, Nasambu wa orofa ya tatu amepata mitungi kumi na minne kwenye skrini. Nimeweka soksi katikati. Sasa iko sawa.

Wanyonyi, jirani yangu, kaiona. "Boss, soksi ni ya nini? Kwani kompyuta inaskia baridi?" Wengine Mungu aliwanyima maono.

Ijumaa, 7 Machi

Majina hamsini na matatu! Nimefuta chaki yote kwa kitambaa na kutangaza utaratibu mpya: mtungi ukae nyumbani, jina lipange foleni. Watu wamefurahi, hasa wa orofa za juu. Khavere peke yake ameacha mitungi yake minne pale bombani. Eti mitungi yake haijui kusoma. Nimecheka sana.

Mimi ni wa kwanza. Nimehakikisha mara tano.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesimamisha kompyuta juu ya ndoo, imekaa kama paa la nyumba. Maji yakaja. Nikaita jina langu kwa sauti.

Hapo ndipo Nasambu, upande wa pili, akaligusa duara lake. Likasogea mbele. Akashangaa. Akaligusa tena.

Nilisahau kwamba skrini yao nayo inaguswa! Ikawa vidole. Vidole vya kila orofa! Kila mtu anajivuta mbele, mimi nawarudisha kwa upande wangu, wao wananishinda kwa wingi. Watu hamsini na watatu, wote nambari moja. Jina langu lilisukumwa hadi pembeni likapotelea huko. Wakati tunagombana, Khavere alikuwa anachota polepole. Alipojaza mtungi wa nne, bomba likakohoa na kunyamaza.

Kavinya alisimama na mitungi mitatu mitupu. Akanitazama, akapanda nayo ngazi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika na kuomba maji ya kunawa. Hakuna. Kavinya akamwambia yote, na pipa pia. Mama akashuka mwenyewe, Khavere akampa mtungi mmoja. Akaupandisha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, orofa saba, kama atokaye mtoni Ukambani. Nilikutana naye orofa ya nne. Ngazi zetu ni nyembamba, na sisi Wakamba mtu hamkabili mama mkwe ovyo. Nikageukia ukuta hadi akapita. Nilisikia pumzi zake. Niliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakawaka.

Sasa naandika ngazini. Kavinya amefunga mlango kwa komeo. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona: skrini mbili hazitoshi. Ya wananchi inataka ya tatu ya kuisimamia. Fowsiya wa duka la simu anayo moja ya namna hiyo, na amekubali tubadilishane na kochi letu.

Nasubiri tu mama mkwe aamke, maana amelilalia.