Matanga ya Dispensari ya Nyumba Nane

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kufuli! Kubwa kama ngumi ya Mukhisa mpasua kuni. Dispensari yetu ya Nyumba Nane imefungwa, na karatasi imebandikwa mlangoni: serikali imepunguza matumizi, mikataba ya wauguzi haitaendelea, wagonjwa waende hospitali kubwa ya mjini. Mjini! Kwa barabara hii yetu, mwezi huu wa matope, hata trekta hupiga magoti.

Nesi Jerop nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mkoba mapajani. Miaka sita amezalisha kina mama wa hapa. Sasa barua moja tu, aende. Hakulia. Mimi ndiye nilikaribia kulia, maana Emmy, mke wa mwanangu Derrick, ana mimba ya miezi tisa, na Derrick yuko Mombasa kwa kazi ya ulinzi. Kama baba mkwe siwezi kumuuliza Emmy habari za tumbo. Namuuliza mke wangu Sellah, kwa sauti, Emmy akiwa karibu. Sellah amejibu ni wiki hii au ijayo.

Hasira ilinishika kweli kweli. Baada ya chai, wazo nalo likanishika. Kila msiba unahitaji mwenyekiti. Mimi Wabwile nina spika mbili, maikrofoni na sauti. Nimeongoza matanga ya nusu ya marehemu wa wadi hii, na hakuna aliyelalamika. Nani mwingine basi? Kesho asubuhi naenda Kitale kuchongesha muhuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Muhuri umetoka safi! Wa duara, wino wa zambarau: KAMATI KUU YA KUOKOA DISPENSARI – MWENYEKITI. Fundi aliniuliza wanakamati wengine ni akina nani. Nikamwambia wanakuja.

Nimerudi jioni tayari kuitisha mkutano wa kwanza. Nimechelewa! Mama Nakhumicha ameshaufanya. Huyu ni jirani yangu, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, yule aliyewahi kunizimia maikrofoni kwenye mazishi kwa sababu nilikuwa nasalimia watu mara ya tatu. Mkutano ulichukua dakika ishirini. Bila mwenyekiti! Bila kusoma kumbukumbu! Sijui wanadhani nchi hii inaendeshwa vipi.

Na wamefanya nini katika hizo dakika ishirini? Mwihaki, yule mama wa kutoka mji wa Kwanza anayenunua mahindi hapa sokoni, ametoa stoo yake. Msimu wa mavuno! Magunia yake yote yako nje, chini ya maturubai, na mvua inanyesha kila alasiri. Nilimwambia mahindi yataoza. Akaniambia mahindi hupandwa tena, bana, mtoto je?

Nesi Jerop anatibu humo ndani bila mshahara. Kina mama wamegawana zamu: hawa maji, hawa kuni, hawa kumpikia nesi. Watoto wanapimwa kwa mizani ya mahindi. Wanamtia mtoto kwenye gunia safi lenye mashimo mawili ya miguu, wanalining'iniza kwenye ndoano, na mtoto anabembea akicheka. Nilikwenda pale kulalamika rasmi. Nikajikuta nimeshika kamba ya mizani hadi jioni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeandika barua ya malalamiko. Kurasa nne, muhuri mahali saba. Nimezunguka kijiji kizima kutafuta sahihi. Nimepata mbili: yangu, na ya Mukhisa, ambaye hutia sahihi chochote.

Wengine wote wameshatia sahihi barua ya Nakhumicha! Ukurasa mmoja wa daftari, hauna hata kichwa. Lakini nyuma yake kuna majina mia nne na kumi na mbili, na nambari za vitambulisho, na alama za dole gumba za bibi wasiojua kuandika. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, magoti yake hayo mabovu. Niliyatazama yale majina muda mrefu. Halafu nikampendekezea tuunganishe nguvu: majina yake, muhuri wangu. Akaugeuza muhuri, akausoma, akauliza ati hiyo kamati kuu ni mimi na nani?

Ameipeleka barua ofisi ya afya Bungoma mwenyewe. Wameipokea, wakamwambia arudi mwezi ujao. Emmy hana mwezi ujao. Leo Nesi Jerop ameniita kando: mtoto amekaa vibaya kidogo, na kitanda cha kuzalishia na vifaa vyake vimefungiwa ndani. Kwenye stoo atajitahidi, lakini hataki kunidanganya. Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Huyu mwanamke Nakhumicha! Leo amesimama mbele ya watu akasema dispensari imekufa, na sisi watu wa hapa hatujawahi kuacha maiti bila matanga. Kwa hiyo tutaweka matanga. Hema, viti, moto, chai, wasifu wa marehemu, kila kitu. Na kama ilivyo desturi, wafiwa hawatoki hadi shughuli iishe. Tutakaa mbele ya ule mlango mpaka ufunguliwe.

Nilipiga makofi kabla sijakumbuka ni adui. Wazo zuri hivyo, na halikuwa langu! Lakini mara moja nikaona nafasi yangu. Matanga bila mwongozaji? Nikajitokeza. Wakasema mwongozaji ni Mwihaki. Ati ana sauti nzuri na anamaliza upesi. Mimi wamenipa kazi ya kuchaji betri ya spika. Betri! Mtu wa hadhi yangu!

Basi mwenye akili haombi nafasi mbele. Huingilia nyuma. Nimempigia Ian, msaidizi wa Mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi. Nimemwambia kuna matanga makubwa sana Nyumba Nane Jumanne, umati wa ajabu, na mimi ndiye mwenyeji. Hakuuliza nani amekufa. Aliuliza saa ngapi, na kama Mheshimiwa atapewa maikrofoni. Wanasiasa na matanga ni kama kuku na mtama. Nikamwambia maikrofoni ni yangu. Ameniahidi uenyekiti wa kamati ya soko. Hatimaye!

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kwanza ya matanga. Lazima niandike ukweli: sijaona kitu kama hiki. Kila nyumba imeleta kitu. Wasio na sukari wameleta kuni, wasio na kuni wameleta viti, na Mukhisa asiye na chochote amepasua kuni za wote. Wakulima wameleta mahindi yao, wanapukuchua papo hapo wakiomboleza, ili mavuno yasilale.

Kisha wasifu. Mtu mmoja mmoja alisimama kueleza marehemu alimfanyia nini. Bibi mmoja alionyesha kovu la nyoka. Baba mmoja alitaja mapacha wake. Halafu Sellah wangu akasimama, ambaye hata kanisani hasemi, akaeleza jinsi Derrick alivyozaliwa mle ndani siku ya mafuriko, na jinsi mimi nilivyozimia mlangoni. Hiyo sehemu ya pili haikuwa lazima. Watu wamecheka. Mimi machozi yalinitoka. Nimewaambia ni moshi.

Nampenda sana mke wangu. Naandika hapa kwa sababu kumwambia siwezi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wafiwa wako palepale. Mvua imenyesha, hakuna aliyeondoka. Mimi siku nzima nimeandika hotuba ya kumkaribisha Mheshimiwa. Kurasa tisa. Kuna kitu nilipaswa kufanya leo, sikumbuki ni nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Acha niandike polepole.

Alfajiri uchungu ulimshika Emmy. Kina mama walimpeleka kwenye stoo ya Mwihaki, hatua hamsini tu kutoka hemani. Jerop aliingia naye. Saa nne bado. Saa tano bado. Na saa tano na nusu magari matatu yakatokea: Mheshimiwa! Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Nakhumicha aliyatazama magari, akanitazama mimi. Akaelewa yote. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini hakunitukana. Alimwambia Mwihaki kwa upole, si mgeni amekuja kuomboleza, apewe nafasi.

Mheshimiwa akashika maikrofoni. Akasema marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu. Akasema walisoma pamoja! Akasema juzi tu walikunywa chai pamoja, na marehemu akamwambia ampende kila mtu wa Nyumba Nane. Ian alikuwa anamvuta koti, maana ameshasoma bango la hemani: PUMZIKA DISPENSARI YETU. Mheshimiwa hakusikia. Watu mia tano, simu juu, wanarekodi. Akasema pengo hili halitazibika, lakini yeye binafsi atahakikisha...

Spika ikafa. Kwikwi moja, kisha kimya.

Betri! Hicho ndicho nilichosahau! Niliruka, nikavuta nyaya, nikapiga spika makofi. Hakuna kitu. Na katika kile kimya tukasikia sauti kutoka stoo. Emmy. Alilia mara moja, kwa nguvu, halafu mara ya pili. Hema zima lilisikia.

Mheshimiwa aliuliza huyo ni nani. Nakhumicha hakuhitaji spika. Alimwambia huyo ni mama anayejifungua kwenye stoo ya mahindi, na kitanda chake kiko nyuma ya kufuli lile, na marehemu uliyesoma naye ndiye huyu, mlango wake huu hapa, na simu mia tano zinakutazama, baba.

Mheshimiwa aliweka maikrofoni chini. Alitazama simu. Alitazama mlango. Kumbe naibu wa chifu, aliyesimama pale pale hemani, alikuwa na ufunguo kwenye koti siku zote nane! Akaamrishwa afungue. Kabla kufuli halijaanguka chini, kina mama sita walikuwa wameshambeba Emmy na godoro lake. Jerop mbele, anaita maji moto, na maji yakawa yapo tayari, kwa sababu zamu ya maji haijawahi kukosa hata siku moja.

Mimi nilibaki nimekumbatia spika. Saa saba na dakika kumi tukasikia kilio kingine, chembamba. Msichana! Mama mzima, mtoto mzima. Mizani ya dispensari serikali iliihamisha kabla ya kufunga, kwa hiyo alipimwa kwa ile ya mahindi. Kilo tatu na robo.

Mheshimiwa alitangaza papo hapo, kwa mdomo wake, mbele ya simu zote, kwamba Nesi Jerop amerudi kazini. Sidhani alikuwa na njia nyingine ya kutoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua ya Jerop imefika. Mkataba wa miezi mitatu. Mitatu tu! Watu wamenung'unika. Nakhumicha amesema vizuri, zamu ziendelee, na hema likunjwe liwekwe karibu.

Ian ameniambia uenyekiti wa soko nisahau. Pia nisahau nambari yake ya simu.

Mjukuu amepewa jina Jerop. Nilipiga muhuri wangu kwenye kadi yake ya kliniki, ili iwe na uzito. Sellah ameutupa muhuri chooni.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada tumekusanyika dispensari. Wameandika ukutani majina ya waliouokoa mlango ule. Majina yote, kuanzia Jerop na Mwihaki, hadi Mukhisa wa kuni. Jina la Nakhumicha halikuwepo, amekataa, ati yeye alipika tu. Nilisoma mpaka chini nikijitafuta. Mwisho kabisa: WABWILE – BETRI.

Nilidhani ni kejeli. Lakini Nakhumicha amesimama akasema bila ile betri tungekuwa bado tunasikiliza hotuba, na mtoto huyu hatungemsikia. Watu wamecheka, kisha wakanipigia makofi ya kweli. Emmy mwenyewe alipiga, mtoto mapajani. Sijawahi kupigiwa makofi nikiwa nimenyamaza. Nimeinamisha kichwa. Nimejiapia kuanzia leo nitakuwa mtu wa kawaida, wa zamu ya maji, Alhamisi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefikiri usiku kucha. Betri haifi yenyewe. Inahitaji mtu mwenye maono.

Niko Kitale. Muhuri mpya ni mkubwa kuliko wa kwanza: KAMATI KUU YA BETRI – MWENYEKITI WA MILELE. Fundi ameuliza tena wanakamati wengine ni akina nani.

Nimemwambia wanakuja.